Steringi Hafi? Pa Kuanzia Katika Filamu za Kihindi

Muulize mtu aliyekulia Tanga, Mombasa, Unguja au Kariakoo picha ya Kihindi aliyoipenda kuliko zote, naye atajibu kwa kutaja mtu: Amitabh, Mithun, Govinda, Shah Rukh Khan. Jina la filamu litafuata baadaye, kama bado analikumbuka. Jina la mwongozaji halitatajwa kabisa.

Mapenzi haya ni ya siku nyingi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018 kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania, anaeleza jinsi Awaara ya Raj Kapoor (1951) ilivyowateka watazamaji wa Zanzibar. Mombasa nako, Juma Bhalo alijijengea jina kwa kutia mashairi ya Kiswahili kwenye tuni za sinema za Kihindi. Lakini kupenda ni kitu kimoja na kuchagua ni kingine, na anayechagua filamu kwa sura ya steringi hupoteza jioni nyingi. Mithun Chakraborty pekee amecheza filamu zaidi ya 300, na si siri kwamba nyingi kati yake zilipikwa harakaharaka. Mwongozaji mzuri hutengeneza chache, na ni nadra kuharibu. Kwa hiyo shauri la kwanza ni hili: soma jina la aliyeongoza kabla ya kuangalia sura iliyo kwenye tangazo.

Shauri la pili ni la lugha. Filamu nyingi tunazoziita za Kihindi hazikutengenezwa kwa Kihindi. Mumbai hutoa za Kihindi, Hyderabad za Kitelugu, Chennai za Kitamil, Kerala za Kimalayalam, Bengaluru za Kikannada na Kolkata za Kibengali, na kila mji una mastaa wake, mizaha yake na namna yake ya kupigana. Filamu ya Kusini ikishapendwa, Mumbai huinunua na kuitengeneza upya ikiwa na sura nyingine. Wanted ya Salman Khan (2009) ilitoka kwenye Pokiri ya Kitelugu (2006), na Kabir Singh (2019) ilitoka kwenye Arjun Reddy (2017). Ukiipenda filamu, ulizia kama ina mama yake. Mara nyingi mama ni bora kuliko mtoto.

Na kabla ya kubonyeza kitufe, mambo machache ya kumwokoa mgeni. Filamu ya India hufunguliwa na cheti cha bodi ya ukaguzi, ile karatasi ambayo wengi huiruka. Isome. Inaonesha lugha na urefu wa filamu, na herufi zake zina maana: U ni ya watu wote, UA watoto waangalie pamoja na wazazi, A ni ya watu wazima tu. Tangu mwaka 2024 UA imegawanywa kwa umri: 7, 13 na 16. Kwa mzazi aliyekaa sebuleni na watoto watatu, karatasi hiyo ni msaada mkubwa. Maandishi ya onyo yanayotokea kila mtu anapowasha sigara ni matakwa ya sheria ya nchi hiyo, si hitilafu ya nakala yako. Mwaka 2013 Woody Allen alikataa Blue Jasmine ioneshwe India kwa sababu tu ya maandishi hayo.

Urefu nao usikutishe. Katikati ya filamu hutokea neno la mapumziko, na waandishi wa India hulijengea makusudi: dakika chache kabla yake siri hufichuka, au adui anaingia, au mtu aliyedhaniwa amekufa anapiga hodi. Pale ndipo pa kukata. Nusu leo, nusu kesho, na hujaiharibu hadithi hata kidogo.

Nyimbo ni habari nyingine. Wanaoimba si wale unaowaona. Kwa miongo mingi sauti zilikuwa za Lata Mangeshkar, Asha Bhosle, Mohammed Rafi na Kishore Kumar, na mwigizaji alifuatisha kwa midomo. Anayepeleka mbele nyimbo ili afike kwenye ngumi hukosa nusu ya hadithi. Katika Lagaan, kwa mfano, wanakijiji wanaona mawingu meusi, wanatoka nje wanaimba na kucheza kuikaribisha mvua. Wimbo unapokwisha mawingu yanajiondokea, ardhi imebaki kavu vilevile. Ukiuruka wimbo ule, huwezi kuelewa kwa nini kijana mmoja atathubutu baadaye kukubali dau la kichaa.

Na Lagaan (2001) ndiyo pa kuanzia kwa mtu ambaye hajawahi kuangalia filamu ya Kihindi kwa makini. Iliongozwa na Ashutosh Gowariker, steringi ni Aamir Khan, muziki ni wa A. R. Rahman. Ni mwaka 1893 katika kijiji cha Champaner. Mvua imegoma, nafaka hakuna, na kapteni wa Kiingereza anadai kodi maradufu. Kwa kiburi chake anatoa dau: mkitushinda katika kriketi, hamtalipa kodi miaka mitatu, mkishindwa, mtalipa mara tatu. Hakuna mwanakijiji anayeujua mchezo huo.

Hapo ndipo ujanja wa filamu ulipo. Mtazamaji wa Morogoro au Kisumu asiyejua kriketi yuko sawasawa na wahusika. Wanapofundishwa wao, naye anafundishwa, na mechi inapoanza, mechi ya siku tatu inayochukua zaidi ya saa nzima ya filamu, tayari anaelewa kila mpira unaorushwa. Timu yenyewe inakusanywa mtu mmoja mmoja: mfuga kuku, mfinyanzi Mwislamu, Kalasinga, na hatimaye Kachra, mtu wa tabaka lisiloguswa mwenye mkono uliopooza, ambaye wenzake wanakataa hata kusimama naye uwanjani. Ugomvi juu yake ndio moyo wa filamu, zaidi ya ugomvi na Waingereza. Ilipigwa karibu na Bhuj, katika Kachchh, jimbo la Gujarat, eneo ambalo familia nyingi za Wahindi wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa zilitokea. Ina dakika 224, na iliingia kwenye orodha ya mwisho ya Oscar ya filamu za kigeni.

Baada ya hapo, rudi nyuma kwa Sholay (1975). Huyu ndiye babu. Ramesh Sippy aliiongoza, na hadithi iliandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, jozi iliyofahamika kama Salim-Javed, ambao walilifanya jina la mwandishi liwe na uzito kwenye tangazo. Polisi mstaafu anawakodi wahalifu wawili wadogo, Jai na Veeru, wamkamate jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Amitabh Bachchan na Dharmendra ndio marafiki hao, lakini filamu iliibwa na Amjad Khan aliyecheza Gabbar. Hakuwa chaguo la kwanza. Danny Denzongpa ndiye aliyetakiwa, ila alikuwa ameshajifunga na filamu nyingine iliyopigwa Afghanistan. Amjad akaingia na sauti yake, mkanda wa risasi anaouburuza juu ya mawe, na swali lake kwa majambazi wake waliorudi mikono mitupu, na India ikapata adui ambaye watoto walimwigiza kuliko steringi. Maongezi ya filamu yaliuzwa kwenye santuri, bila nyimbo, na watu wakayanunua.

Wale wanaoapa kwamba steringi hafi waiangalie Sholay kwa tahadhari.

Mwisho wake una kisa. Ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, wiki chache baada ya Indira Gandhi kutangaza hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi haikutaka kuona polisi mstaafu akijichukulia sheria mkononi. Sippy akalazimika kupiga mwisho mwingine. Mwaka 2025 nakala iliyokarabatiwa, yenye mwisho wa awali, ilioneshwa Bologna, Italia. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua hiyo. Mwisho wa zamani una ukatili unaoeleweka, wakati ule wa bodi unaonekana umebandikwa.

Kuhusu steringi kufa, hakuna mfano mzuri kuliko Coolie (1983) ya Manmohan Desai. Amitabh anacheza mchukuzi wa mizigo kwenye stesheni ya reli. Mwezi Julai 1982, wakipiga picha ya ugomvi huko Bangalore, aliumia tumboni vibaya akakaribia kufa, na nchi nzima ikaingia misikitini na mahekaluni kumwombea. Katika hadithi ya awali mhusika wake alikuwa afe. Alipopona, Desai akaibadilisha, akamwacha aishi, na filamu inapofika kwenye pigo lile picha inasimama na maandishi yanamweleza mtazamaji kwamba hapa ndipo alipoumia. Kama filamu, Coolie ni vurugu tupu. Kama unataka Desai aliyekamilika, tafuta Amar Akbar Anthony (1977): ndugu watatu waliopotezana utotoni, mmoja akalelewa na Mhindu, mmoja na Mwislamu, mmoja na padri. Haina mantiki hata chembe na haikuchoshi hata dakika moja.

Za mapenzi zinajulikana, hivyo tuzipitie upesi. Dilwale Dulhania Le Jayenge ya Aditya Chopra (1995) bado ni mlango mkuu, na jumba la Maratha Mandir jijini Mumbai limekuwa likiionesha tangu mwaka ilipotoka. Desemba 2014 ilitimiza wiki 1,000. Nusu yake ya kwanza, ile safari ya treni Ulaya, imezeeka na mizaha yake ni ya kitoto. Nusu ya pili, pale Shah Rukh Khan anapokataa kutoroka na Kajol na badala yake anaamua kuwashinda wazazi kwa heshima, inafanya kazi hadi leo. Kuch Kuch Hota Hai ya Karan Johar (1998) andaa leso. Tahadhari moja kwa wenye mabinti na vijana wa kiume nyumbani: nyingi za miaka ya 1980 na 1990 humwonesha kijana anayemfuatafuata msichana, anamziba njia, anamwimbia mbele ya watu mpaka achoke na kukubali. Filamu huiita hiyo mahaba. Isimamishe kidogo mzungumze.

Sasa Kusini, ambako kwa miaka kumi iliyopita ndiko kumekuwa na moto. Ukitaka moja tu, chukua Drishyam, ile ya Kimalayalam ya mwaka 2013, iliyoandikwa na kuongozwa na Jeethu Joseph. Georgekutty, anayechezwa na Mohanlal, ni mtu wa kawaida katika mji mdogo wa Kerala. Shule aliacha darasa la nne. Ana biashara ya kusambaza televisheni ya kebo, na hukesha ofisini akiangalia filamu hata anasahau kurudi nyumbani. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza anamjua mtu huyu. Kisha janga linaiingia familia yake, na upande wa pili yuko ofisa mkubwa wa polisi mwenye sababu binafsi ya kulifuatilia. Elimu ya Georgekutty ni filamu alizoziangalia, na hiyo ndiyo silaha yake: anajua polisi watauliza nini, mashahidi hukumbuka nini, picha hudanganyaje.

Saa ya kwanza inakwenda taratibu: chakula cha jioni, ununuzi wa nguo, kugombana na konstebo. Vumilia, kwani kila kitu kitadaiwa baadaye, hata tiketi za basi. Hadithi hiyo ilitengenezwa upya kwa Kikannada, Kitelugu, Kitamil, Kihindi, Kisinhala, na mwaka 2019 kwa Kichina. Ya Kihindi (2015), yenye Ajay Devgn na Tabu, si mbaya, na Tabu akiwa mama mwenye cheo cha polisi anatisha. Lakini Ajay Devgn ana sura ya mtu anayeweza kupiga. Mohanlal ana mwili wa muuza duka, na hofu yako juu yake ni kubwa zaidi.

Hapa kuna swali la tafsiri. Afrika Mashariki imezaa fani yake, ya watu wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji: Lufufu aliifungulia njia Tanzania, na DJ Afro ndiye jina kubwa Kenya. Kwa filamu ya ngumi ni raha tupu, na kuna nyakati msimulizi anaishinda filamu yenyewe. Kwa Drishyam usithubutu. Sauti ya mtu anapodanganya ndiyo hadithi yote, na msimulizi ataifunika. Tafuta nakala ya lugha ya asili yenye maandishi chini, hata kama maandishi ni ya Kiingereza na utasoma polepole.

Shauri hilo lifuate hata kwa RRR ya S. S. Rajamouli (2022). Kuna nakala zilizotiwa sauti za Kihindi, lakini asili yake ni Kitelugu na midomo inalingana na Kitelugu. Rajamouli, ambaye tayari alikuwa ametikisa India kwa Baahubali mbili (2015 na 2017), alichukua wapigania uhuru wawili wa kweli, Alluri Sitarama Raju na Komaram Bheem, akabuni urafiki kati yao katika miaka ya 1920. Usiitumie kama somo la historia. Wanyama wa mwituni wanarushwa kutoka kwenye lori hadi kwenye bustani ya gavana. Wimbo wa Naatu Naatu ulipigwa mwaka 2021 mbele ya ikulu ya Mariinskyi jijini Kyiv, miezi michache kabla ya vita, na mwaka 2023 ukapata Oscar. Iangalie kwenye skrini kubwa kadiri utakavyoweza, na majirani waarifiwe mapema.

Kutoka Kerala kuna nyingine ambayo msomaji mwenye ndugu Uarabuni aijue: Aadujeevitham ya Blessy (2024), kutokana na riwaya ya Benyamin iliyotoka 2008. Najeeb anakwenda Saudia kutafuta maisha, anachukuliwa uwanja wa ndege na mtu asiye mwajiri wake, na anajikuta jangwani akichunga mbuzi na ngamia, bila lugha, bila mshahara, bila njia. Prithviraj Sukumaran alijikondesha mpaka mifupa ikahesabika. Si filamu ya kuangalia huku unakula. Familia nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania zinajua simu inayokatika ghafla kutoka nchi hizo, na filamu hii inaonesha upande wa pili wa simu hiyo.

Kwa jioni nyepesi zaidi kuna mbili za wanawake. English Vinglish ya Gauri Shinde (2012) ilimrudisha Sridevi kwenye skrini baada ya miaka mingi. Shashi anatengeneza na kuuza laddu, anaendesha nyumba, na mumewe na binti yake wanamcheka kwa kuwa Kiingereza chake ni kibovu. Anakwenda New York kwa harusi na kujiandikisha kozi kwa siri. Nani Dar au Nairobi hajaona mtu akinyamazishwa na Kiingereza, benki au kwenye mkutano wa wazazi shuleni? Tukio la Shashi akijaribu kununua kahawa mgahawani linauma kuliko vita vyote vya Rajamouli. Ya pili ni The Lunchbox ya Ritesh Batra (2013), juu ya chakula cha mchana kinachopelekwa kwa mtu asiye mume, na barua zinazofuata ndani ya kopo. Irrfan Khan haimbi, hachezi ngoma, na filamu haifiki saa mbili.

Dangal ya Nitesh Tiwari (2016) itakuwa imeshakufikia, kwani ilivuna zaidi ya dola milioni 300 duniani, sehemu kubwa kutoka China. Ni kisa cha kweli cha Mahavir Singh Phogat wa Haryana, aliyewafundisha binti zake mieleka. Ni nzuri sana, ila ina chumvi. Geeta, mmoja wa binti hao, alishinda fainali yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Delhi mwaka 2010 kwa urahisi, wakati kwenye filamu anaponea sekunde za mwisho, na kocha aliyefanywa mbaya ni wa kubuni. Kila uonapo maneno ya kisa cha kweli mwanzoni mwa filamu ya Kihindi, tegemea fainali kuongezwa sekunde.

Kwa watoto na walimu wao, Taare Zameen Par (2007): Ishaan ana miaka minane, herufi zinamchezea machoni, na watu wazima wanamwita mvivu.

Za rangi nyeusi na nyeupe zibaki mwisho, si kwa sababu ni ngumu bali kwa sababu zinahitaji nakala nzuri. Mughal-e-Azam ya K. Asif (1960) ilitiwa rangi mwaka 2004, lakini tafuta ile ya zamani, ambamo wimbo wa ukumbi wa vioo unaingia ghafla kwa rangi na Madhubala anamwimbia mfalme usoni kwamba haogopi. Pather Panchali ya Satyajit Ray (1955), ya Kibengali, haina hata ngoma moja. Ray alikuwa mchoraji wa matangazo, mpiga picha wake Subrata Mitra hakuwahi kushika kamera ya sinema, na fedha zilipokwisha serikali ya Bengali Magharibi ilitoa nyingine na kuziandika kwenye hesabu za barabara, kwa kuwa jina la filamu linataja njia. Negativu zake ziliungua London mwaka 1993, na wataalamu wakazikarabati fremu kwa fremu. Nakala iliyotokana na kazi hiyo ilitoka 2015. Hiyo ndiyo ya kutafuta, kwani zilizotangulia zimekwaruzika na sauti yake inakoroma. Ukiimaliza, Aparajito (1956) na Apur Sansar (1959) zinamfuata mtoto yuleyule, Apu, mpaka anakuwa baba.